Uchumi, hesabu na takwimu visomwe pamoja

KILA yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa Jadida, Wete, hukabiliwa na swali lile lile: mtoto akasome nini chuo kikuu? Wengi hutaja ualimu, uuguzi au biashara. Akitokea kijana akasema anataka uchumi pamoja na hesabu na takwimu, nyumba nzima hushangaa. Hesabu inaogopwa, na takwimu huonekana ni kazi ya kuhesabu watu siku ya sensa tu.

Sisi tunaona kijana huyo amechagua vyema, na wa kwanza kunufaika naye wangekuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Pemba.

Tuchukue biashara ya kukodi mikarafuu. Tuseme mtu amekodi shamba kwa shilingi 800,000. Bei ya karafuu kavu iwe shilingi 10,000 kwa kilo, na kuchuma, kuchambua na kuanika kumgharimu shilingi 2,500 kwa kila kilo. Akipata kilo 200, anabaki na faida ya shilingi 700,000. Akipata kilo 120, faida ni shilingi 100,000. Akipata kilo 40, anapata hasara ya shilingi 500,000.

Ukichukua misimu hiyo mitatu kwa pamoja, wastani wa faida ni shilingi 100,000 kwa msimu. Kwa wastani biashara inalipa. Lakini aliyekopa mtaji, na msimu mbaya ukawa ndio wa kwanza, hatafika msimu wa pili.

Hapo ndipo masomo haya matatu yanapokutana. Hesabu inatoa faida na hasara. Takwimu inaeleza msimu mbaya huja mara ngapi na unaweza kuwa mbaya kiasi gani. Uchumi unauliza kwa nini bei iko hapo ilipo, na nani ataibadilisha. Anayejua moja bila mengine atatoa ushauri nusu, na ushauri nusu umewafilisi wengi.

Historia yetu inatosha kuwa funzo. Kwa miaka mingi Indonesia, ambayo asili ya karafuu ni visiwa vyake, ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake. Nchi hiyo ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikaanza kujitosheleza. Bei ikaporomoka na Pemba ikaumia. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, hivyo mtu mwenye takwimu za miche iliyopandwa kule angeweza kuliona wimbi hilo mapema.

Hata leo maswali yapo. Wakati wa uongozi wa Rais Ali Mohamed Shein (2010-2020), Serikali ilitangaza sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mkulima ana haki ya kuuliza: asilimia 80 ya bei ya mwezi gani, na ya daraja gani? Kuuliza hivyo si kubishana na Serikali. Ni hesabu, na inahitaji mtu wa kuifanya na kuieleza kwa Kiswahili chepesi barazani.

Nafasi za kusoma zipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada inayounganisha uchumi na takwimu. Changanyikeni, Dar es Salaam, kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Uganda nako, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha taasisi ya takwimu na uchumi tangu mwaka 1969.

Hata hivyo, safari haianzii chuoni. Inaanzia kidato cha tano. Mwanafunzi wa mchepuo wa EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, ana mlango mpana zaidi kuliko aliyesoma uchumi bila hesabu ya juu. Mzazi anayemwambia binti yake aachane na hesabu kwa sababu ni ya wanaume anaufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Hatusemi kwamba cheti pekee kitaleta ajira. Kijana atakayekariri kanuni bila kujua kutumia kompyuta kuchambua takwimu, au asiyeweza kukaa na mkulima juu ya jamvi la karafuu akamwelewa, atarudi nyumbani na karatasi tu. Kwa hiyo kabla ya kuuza mikarafuu au ng'ombe kulipia ada, mzazi aulize: kozi hii ina takwimu kiasi gani? Mwanafunzi anapelekwa kazini kwa vitendo? Na Bodi ya Mikopo inasemaje?

Vyuo navyo tunaviomba vilete wanafunzi wao mashambani wakati wa msimu wa karafuu, waandike gharama za kweli za mkulima na kumrudishia majibu. Wizara ya Elimu iangalie kwa makini upatikanaji wa walimu wa hesabu katika sekondari za Pemba.

Mkulima wetu anajua kupima karafuu kwa pishi tangu enzi za mababu. Sasa mtoto wake asomeshwe kuipima biashara yenyewe.