Sala ya Mwenye Kuajiriwa



Msimu wa pamba, ambao kwa desturi hufunguliwa mwezi wa Mei, huwachukua vijana wetu wengi wa hapa Sola na sehemu nyingine za mkoa wa Simiyu. Huyu huandikwa karani wa mizani, yule huwa mpakiaji wa marobota kwenye kinu cha kuchambua pamba, na mabinti zetu huenda madukani na kwenye vyerehani. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa riziki hiyo. Walakini katika msimu mmoja tuliletewa habari mbili zilizotulazimisha kuandika maneno haya.

Ya kwanza ni ya kijana tuliyemsomesha wenyewe chuoni. Mama yake alitujia jioni akasema: "Maalimu, mwanangu tangu aingie kazini, adhuhuri na alasiri huzisali nyumbani usiku, pamoja na isha. Asema akiomba ruhusa ataonekana mvivu." Ya pili ni ya mwenziwe, ambaye hakubali kupitwa na Sala. Huyu kila adhuhuri huifunga mizani, akaenda msikitini, akasali, akavuta uradi, kisha akakaa barazani kuzungumza, asirudi ila baada ya saa nzima na zaidi. Wakulima waliotoka mbali na mikokoteni ya ng'ombe humngoja juani. Mmoja wao, naye si Muislamu, alituuliza kwa adabu: "Shehe, dini yenu ndiyo iliyoagiza niungue na jua?" Tuliona haya.

Vijana hawa waonekana mbalimbali, kumbe kosa lao ni moja. Wa kwanza amechukua haki ya Mungu akampa tajiri wake. Wa pili amechukua haki ya watu akaiita ibada.

Tumjibu wa kwanza. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya 103, imeieleza Sala kuwa ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Kazi ya kawaida haimpi mtu ruhusa ya kuzirundika Sala mpaka usiku. Na wala hapana dhiki katika jambo hili, kwani wakati wa adhuhuri ni mpana. Hapa kwetu jua hupinduka baina ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, na alasiri huingia karibu na saa 10. Basi mwenye zamu isiyokwisha mpaka saa 8 angali ndani ya wakati. Na ajihadhari mwenye kufuata ratiba ya Dar es Salaam, kwani jua la huko hututangulia kwa dakika zipatazo 20. Asije akasali kabla ya wakati.

Wala asidhani kwamba aomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60, na imekataza mtu kubaguliwa kazini kwa ajili ya dini yake. Rakaa 4 kwa utulivu hazizidi dakika 10. Chakula kitapata nafasi yake. Amwendee msimamizi siku ya kwanza, kabla ya kuanza kazi, amwambie waziwazi: "Bwana, naomba mapumziko yangu yawe saa 7, nipate kusali. Mashine sitaiacha bila mtu." Aliyesema mapema huaminiwa, anayenyemelea nyuma ya ghala hushukiwa hata akiwa katika sijida.

Udhuru wa maji na nguo pia haufai. Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, nacho hakifiki lita moja. Chupa ndogo yatosha, hata wakati wa kiangazi chetu. Vumbi la pamba si najisi. Grisi iliyogandamana mkononi ndiyo iondolewe, maji yapate kufika kwenye ngozi.

Sasa tumgeukie wa pili. Wanazuoni wa fikihi wamesema kwamba wakati wa Sala ya faradhi pamoja na twahara yake umetolewa katika muda wa ijara, hata kama haukutajwa katika mapatano. Lakini kilichotolewa ni hicho. Soga za barazani hazimo, na uradi mrefu una wakati wake baada ya kazi. Na Ijumaa, ambayo yahitaji muda zaidi, ipatanwe na msimamizi mapema, na atafutwe wa kushika mizani. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Karani wa pamba anaijua vyema aya hiyo anapotazama kilo. Aikumbuke pia anapotazama saa. Mkulima aliyepunjwa mchana wake naye amepunjwa.

Tena hapa sisi Waislamu ni wachache, na jirani zetu wengi hawakusoma vitabu vyetu. Wanachosoma ni sisi wenyewe. Kijana akisali kwa wakati, akarudi mizanini upesi, akapima kwa uadilifu, mkulima atajua Sala ni nini bila ya kuhubiriwa.

Nasi walimu hatuna budi kukiri kosa letu. Tuliwafundisha watoto nguzo na sharti za Sala juu ya mkeka, penye kivuli na kimya. Hatukuwafundisha namna ya kuomba nafasi ya kusali penye kelele za kinu, mbele ya bwana mkubwa asiyeijua qibla. Twaazimia kulifundisha jambo hilo chuoni, kwa wavulana na wasichana.

Nanyi wazazi, mwana arudipo jioni, msimwulize tu, "Umelipwa kiasi gani?" Mwulizeni kwa upole, "Adhuhuri umeisalia wapi, na nani alikushikia kazi yako?" Akiyajibu yote mawili bila ya kuinamisha macho, mshukuruni Mungu, kwani ujira aliouleta nyumbani ni wa halali.

Wabillahi tawfiq.