Safari za kwanza za bajaji zisidaiwe hesabu

Kwa wengi wetu katika klabu hii, bajaji ni habari ya nyumbani hata kama hatujawahi kushika usukani wake. Mzazi au shangazi aliyeko hapa Uingereza amejibana miezi mingi, ametuma fedha Dar es Salaam, bajaji imenunuliwa na kijana wa ukoo amekabidhiwa ufunguo. Picha inafika kwenye kundi la familia, viti bado vina nailoni. Wiki haijaisha, swali linafuata: hesabu iko wapi?

Kwa wenzetu wa Mombasa, wanaoita chombo hiki tuktuk, tufafanue. Hesabu ni kiasi ambacho dereva humpa mwenye chombo kila siku, apate abiria asipate. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake.

Maoni yetu ni kwamba wiki mbili za kwanza dereva asidaiwe hesabu.

Sababu ya kwanza ni injini. Injini ikiwa mpya, ringi za pistoni bado hazijakaa sawasawa ndani ya silinda, na chembechembe za chuma huingia kwenye oili. Ndiyo maana huhitaji mwendo wa wastani, mzigo mdogo, na oili ya kwanza kumwagwa mapema. Dereva anayedaiwa tangu siku ya kwanza atafanyaje hayo? Atapakia watano badala ya watatu, atapanda vilima vya Kimara huku injini ikilia, na sevisi ataiahirisha, kwa kuwa siku ya gereji haina kipato.

Sababu ya pili ni dereva mwenyewe. Vijana wengi huanzia kwenye bodaboda, na kwa kuwa usukani unafanana, watu hudhani kazi ni ile ile. Pikipiki hulala pamoja na dereva kwenye kona, lakini bajaji hailali. Ikikata kona kwa kasi, gurudumu moja la nyuma huweza kuinuka na chombo kikapinduka. Tena ni pana nyuma kuliko mbele, hivyo upenyo unaopitisha bodaboda hauipitishi. Mambo haya hujifunzwa kwa safari fupi za asubuhi, bila abiria, katika mitaa ya ndani, kabla ya kuingia Barabara ya Morogoro katikati ya malori na mabasi.

Tunajua wazee wetu watasema nini. Fedha ile ilitoka kwenye zamu za usiku, na pengine kwenye mkopo. Hilo hatulipuuzi. Lakini tupige hesabu nyingine. Tuseme dereva anatakiwa kuleta shilingi 20,000 kwa siku. Kwa siku 14 ni shilingi 280,000. Injini ikifunguliwa mapema, vipuri, fundi na siku za kulala gereji huweza kula zaidi ya hapo. Na kijana akivunjika mguu, hakuna hesabu itakayoufidia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wengine watasema dereva akiachiwa siku za bure atazoea. Sisi hatuziiti siku za bure. Awe na daftari, aandike kilomita, mafuta na kila hitilafu aliyoiona. Sevisi ya kwanza ailipie mwenye chombo: kumwaga oili, kukaza nati, kuangalia breki na nyaya. Na tarehe ya kuanza hesabu ikubaliwe kwa maandishi kabla ufunguo haujatoka mkononi, ili pasiwe na wa kumlalamikia mwenzake.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Ni mara ngapi tumepewa simu na kuambiwa, "Hebu muandikie kwa Kiswahili kizuri"? Sisi ndio tunaoandika ujumbe ule, na dereva anayeupokea mara nyingi ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, wa umri wetu. Safari ijayo tuwaombe wazee kwa adabu watuache tuanze na maswali mengine: Kaka, umeshaizoea kwenye kona? Oili ya kwanza umemwaga? Umelala saa ngapi jana? Swali la fedha lina siku yake, na siku hiyo itafika bajaji ikiwa bado nzima.