Taa Haijafa, Iliundwa Ife

Wasee, leo naongea na kila nyumba kutoka Kibokoni hadi Majengo yenye taa ya kuchaji iliyolala juu ya kabati. Mnaijua ile. Iliwaka miezi michache, sasa ukiichaji usiku kucha yakupa dakika tano. Halafu mwasema ati "imekufa." Haijafa. Ilivyoundwa, haingeweza kudumu.

Ukiifungua, mara nyingi utakuta betri ndogo ya asidi ya volti 4, vitaa vya LED na sakiti ya kuchaji ya bei rahisi kabisa. Vitaa kwa kawaida viko sawa. Balaa iko kwenye kuchaji. Taa nyingi za aina hii hazina kitu cha kukata stima betri ikijaa. Waichomeka magharibi, alfajiri bado yasukumiwa stima tu. Betri yapata joto, maji yake yakauka, yavimba kama mahamri. Mbaya zaidi, zingine hazina transfoma. Stima ya ukutani, volti 240, yapitia kapasita tu. Ukigusa waya wa ndani ikiwa yachaji, umegusa stima yenyewe. Na hii ndiyo taa tunayompa mtoto asomee!

Msiniambie "si ununue nyingine, bei ndogo tu." Ndogo mara ngapi? Hapa taa ya kuchaji si pambo. Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ililala giza. Na Old Town nyumba zimebanana, ndani mna mbao, vichochoro vingine gari la zimamoto halipiti. Taa ikizima, watu warudi kwa mshumaa na koroboi. Moto ukishika hapo, nani atauzima?

Tena bei haiishii dukani. Ile betri ndani yake mna risasi. Mwaona Owino Uhuru, hapa hapa kaunti yetu? Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliachia sumu ya risasi mtaani, watoto na wazee wakaumia. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kila betri tunayoiua mapema yaongeza takataka za aina hiyo, na takataka hizo haziendi kwa tajiri.

Wengine watasema teknolojia ndiyo ilivyo. Si kweli. Mwaka 2016 Dubai, ambako nusu yetu tuna shangazi au binamu, ilitoa na Philips balbu iitwayo Dubai Lamp. LED ni nyingi zaidi ndani, na kila moja yapewa stima kidogo, kwa hiyo haipati joto sana na yadumu. Hapana uchawi. Mnunuzi mkubwa alitaka taa ya kudumu, ikaundwa.

Sisi si manispaa ya Dubai, lakini mikono tunayo. Chomoa taa ukutani, iache kwanza, ndipo ufungue. Toa betri, sakiti ya kuchaji na waya wa ukutani, vyote. Weka betri ya lithiamu ya 18650 na kibodi cha TP4056 chenye ulinzi. Hicho hukata chaji chenyewe betri ikifika volti 4.2. Sasa taa yachajiwa kwa chaja ya simu, ya volti 5, na hakuna tena volti 240 ndani. Kama hujawahi kusolda, usijaribie hapo. Mpelekee fundi wa simu, kwake ni kazi ndogo, na pesa yabaki mtaani. Ile betri ya zamani usiitupe jaani wala usiichome.

Lakini kurekebisha peke yake ni kufuta maji bila kufunga mfereji. Katiba, kifungu cha 46, yatupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Haikusema bidhaa za matajiri pekee. Basi ukienda kununua taa, uliza mambo matatu. Yafunguka kwa skrubu? Betri yabadilika? Yakata yenyewe ikijaa? Muuzaji akikosa jibu, irudishe kwenye rafu uende duka la pili. Tukiuliza wote, muuzaji atamuuliza anayemletea mzigo, na huyo atauliza kiwandani.

Tukinyamaza, wataendelea kutuuzia giza lililofungwa kwa gundi.