BAINA YA ARUBAINI NA SITINI



Desturi yetu ya pwani, Visiwani na Mrima pia, humtaka mzazi akae ndani siku arubaini. Hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mwanawe hupokewa na mabibi wanaojua kulea. Arubaini ikitimia, mama hutoka. Siku mbili baadaye, yaani wiki ya sita, kliniki humwita yeye na mtoto wake, na mtoto huchanjwa. Hiyo ni siku ya 42. Mwito wa pili wa chanjo ni wiki ya kumi, nao ni siku ya 70. Leo twaandika juu ya siku zilizo baina ya miito hiyo miwili, kwani ndani yake wamo watoto wanaopotea kwa kukosa kuulizwa swali moja.

Watoto hao huzaliwa wazima wa kutazama. Hulia, hunyonya, hunenepa. Walakini njia ndogo za kutoa nyongo katika ini na kuipeleka matumboni zimeziba, au huziba katika wiki za mwanzo. Nyongo ikikosa pa kupita hurejea ndani ya ini na kulitia makovu mpaka likawa gumu. Madaktari huyaita maradhi haya biliari atresia. Asili yake haijajulikana barabara. Hayatokani na kosa la mama, wala chakula chake, wala jicho la mtu. Dalili zake ni tatu, na zote huonekana bila ya mtambo wowote: macho ya manjano yasiyoondoka baada ya siku 14, mkojo wa rangi nzito unaotia doa nguo za mtoto, na choo kilichopauka, cheupe kama chokaa au kama udongo mkavu.

Jee, hapana dawa? Ipo. Tangu miaka ya 1950, daktari wa upasuaji wa Japani, Morio Kasai, alionyesha njia. Huondoa mirija iliyoziba, akaunganisha kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe na mlango wa ini, nyongo ikapata kupita. Lakini upasuaji huo una miadi yake. Ukifanywa kabla ya siku 60, watoto wengi nyongo yao hutoka. Ukipita siku 90, wanaofaidika ni wachache. Asiyepasuliwa kabisa, kwa kawaida hafiki umri wa miaka miwili. Hata aliyepasuliwa mapema huenda baadaye akahitaji kupandikizwa ini jingine, lakini huwa amepewa miaka ya kuishi na kukua. Aliyechelewa hubakiwa na mlango huo wa kupandikizwa tu, na kwa watu wetu mlango huo kwa kawaida umekuwa India, kwa fedha ambazo mvuvi wa Mlingotini na mchumaji karafuu wa Wete hawazioni maisha yao yote.

Basi siku hizo 60 huliwa na nani? Huliwa na maneno matamu. "Ni manjano ya kawaida, mama, mweke juani asubuhi." Ni kweli kwamba watoto wachanga wengi hupata manjano yakaondoka yenyewe. Ni kweli pia kwamba pwani yetu ina malaria na ina selimundu, na kila moja yaweza kumtia mtu manjano. Lakini jua haliifungui njia ya nyongo, na malaria haikifanyi choo cha mtoto kuwa cheupe. Mtoto huandikiwa dawa ya homa, kisha dawa ya damu, kisha mama huambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kwa mtu mzima wiki mbili si kitu. Kwa mtoto wa siku 50 wiki mbili ndizo zinazomfungia mlango.

Wala asiseme mtu kuwa jambo hili halina sharia. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya watoto wachanga umeeleza kuwa mtoto aliyepita siku 14 na bado ana manjano apelekwe hospitali akachunguzwe. Kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho ni bilirubini kwa sehemu zake mbili, ili ijulikane kama manjano yametokana na damu au na nyongo iliyozuiwa. Kwa hivyo hatudai elimu mpya. Twadai elimu iliyokwisha andikwa ifike mikononi mwa muuguzi wa kijijini.

Tazameni hali ya Mrima, ng'ambo yetu tu. Mzazi wa Saadani ana mto Wami na mto Ruvu baina yake na mji wa Bagamoyo, na masika njia haimhurumii. Kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi. Mzazi wa Mkoani, Pemba, anavuka bahari mara mbili, kwanda Unguja kisha Dar es Salaam. Kila kituo kikimpa karatasi ya kwenda kituo kingine, hesabu ya siku haisimami kumngoja.

Na Bagamoyo si mji wa kuambiwa kuwa haujui tiba. Muhimbili ya leo ina asili yake katika hospitali iliyojengwa Dar es Salaam kwa fedha za Sewa Haji, tajiri aliyechuma mali yake Bagamoyo. Katika miaka ya 2009 hadi 2014, Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na baadhi yao waliingizwa wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 12. Ikiwa mama wa Bagamoyo walitoa watoto wao wa wiki sita ili ulimwengu upate chanjo, jee, ni kubwa mno kwao kudai mtoto wa wiki sita atazamwe choo chake?

Wakubwa watajibu kuwa maradhi haya ni nadra. Haya, na tuhesabu. Nchi nyingi huhesabu mtoto mmoja katika kila 10,000 hadi 20,000. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Ikiwa hesabu ya wenzetu inatufaa, hao ni watoto 100 hadi 200 kila mwaka. Visiwani, penye watu wasiotimia milioni mbili kwa sensa ya 2022, huenda wasifike kumi. Lakini darasa zima la skuli likizama bahari ya Nungwi, nani angethubutu kutuambia kuwa ajali za namna hiyo ni nadra?

Watajibu tena kuwa hapana fedha. Kisiwa cha Taiwan mwaka 2004 kilitia picha za rangi za choo ndani ya kitabu cha afya cha kila mtoto, mama akalinganisha mwenyewe. Kabla ya hapo, wagonjwa waliofikia miaka mitano walikuwa kiasi cha 56 katika mia. Baadaye wakawa 89. Mlinzi wao ni karatasi yenye rangi. Serikali zinazopata fedha za kuchapa kalenda zenye sura za viongozi haziwezi kukosa wino wa kazi hii.

Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo twazitaka Wizara zote mbili haya:

Kwanza, rangi za choo zichapwe katika kadi ya kila mtoto. Kila baba na afungue kadi ya mwanawe leo atazame kama zimo.

Pili, siku ya 42 muuguzi aulize rangi ya choo, atazame macho, na jawabu iandikwe.

Tatu, mtoto aliyepita siku 14 mwenye manjano na choo cheupe apimwe bilirubini siku hiyo hiyo, na apelekwe moja kwa moja kwa mabingwa wa upasuaji wa watoto, bila ya kutuliwa njiani.

Nne, wakunga na mabibi wanaolea ndani ya arubaini wafundishwe dalili hizi, kwani wao ndio wanaofua nguo na kuona kabla ya daktari.

Nanyi wanachama, msingoje kadi. Kila tawi liisome khabari hii mbele ya wanawake wa mtaa. Penye mzazi aliyetoka arubaini na mwanawe bado ni wa manjano, muulizeni rangi ya choo. Kikiwa cheupe, changeni nauli siku hiyo hiyo, mmwambie asikubali kurudishwa na maneno ya jua. Zimebaki siku kumi na nane.