Deni la Kripto Ndani ya Kanisa: Tulipishane Namna Gani?

UKURASA WA NYUMBA YA MKRISTO



Mwezi huu ninajibu barua ya kijana mmoja wa Kolwezi. Jina lake ninaliweka, lakini maneno yake ninayaacha kama alivyoyaandika:

«Pasta, dada moya wa korali alituambia tuweke feza mu kripto, itazaa kila mwezi. Baba alikopa dola 300 kwa banki lambert, akaweka. Miezi mbili tuliona faida mu telefone. Sasa haifungui tena. Banki lambert anakuja ku lupango kila siku, anapiga makelele, mama analia. Dada wa korali anasema naye amepoteza. Tumulipishe ao tuache? Na mutu mwingine anasema anaweza kuturudishia ile feza, lakini tumutumie kwanza dola 50.»

Kijana wangu, asante kwa kuandika wazi. Ninajua kwamba si nyumba yenu peke yake. Tuende polepole.

1. Kripto yenyewe ni nini?

Tusihukumu kitu tusichokijua. Bitcoin, kripto ya kwanza, ilianza mwezi wa Januari 2009. Ni feza isiyo na noti wala sarafu, na haitoki kwa banki kuu ya nchi yoyote. Ni hesabu iliyoandikwa katika daftari moja, na daftari hilo linatunzwa na mashine nyingi za dunia kwa wakati mmoja. Wenye mashine zinazohakikisha hesabu hizo wanapata bitcoin mpya kama mshahara. Ndiyo maana watu wanasema «kuchimba bitcoin», ingawa hapo hakuna jiwe wala vumbi. Hata hapa Kongo kazi hiyo inajulikana: katika Mbuga ya Virunga, pale Luviro, kuanzia mwaka 2020 waliweka mashine za namna hiyo zinazotumia umeme wa maji.

Kwa hiyo kitu chenyewe kipo. Lakini bei yake inapanda na kushuka kwa nguvu sana. Mwezi wa Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja nyuma yake ilikuwa chini ya dola 17,000. Mtu anayekuambia kwamba kripto «itazaa kila mwezi», bila kushuka hata mara moja, hasemi habari za kripto. Anasema habari za mfuko wako.

2. Faida inatoka wapi?

Hili ndilo swali baba alipaswa kuuliza kabla ya kutoa hata dola moja. Shamba linazaa kwa sababu mtu amelima. Mama wa soko anapata faida kwa sababu amenunua unga kwa bei moja na kuuuza kwa bei nyingine. Sasa ile kripto ya dada, ilikuwa inalima wapi?

Ujanja huu ni wa zamani kuliko telefone. Mwaka 1920, huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi watu faida ya 50 kwa 100 katika siku 45. Aliwalipa wa kwanza kwa feza za waliokuja nyuma. Siku wapya walipopunguka, yote ilianguka. Sisi wenyewe, wakati wa Zaire, tuliona Bindo Promotion kule Kinshasa. Watu waliuza mali zao ili waweke feza wapate kuzidishiwa, na mwaka 1991 ikavunjika. Wazee wa mtaa wangali wanakumbuka kilio kile. Vijana, waulizeni.

Halafu mwivi alibadilisha nguo, akavaa kripto. Kuanzia 2014, bibi mmoja aitwaye Ruja Ignatova aliuza OneCoin kutoka Bulgaria. Watu wa nchi nyingi walinunua, hata jirani zetu wa Uganda, na feza iliyoingia ilipita milioni 4,000 za dola. Lakini lile daftari la mashine nyingi halikuwepo: namba walizoona watu ziliandikwa tu na wenye kampuni. Mwezi wa Oktoba 2017 bibi huyo alitoweka. Afrika ya Kusini nako, Mirror Trading International iliahidi mpaka faida ya 10 kwa 100 kila mwezi, ikaanguka mwisho wa 2020.

Chukueni kalamu mhesabu. Dola 300 zikizaa 10 kwa 100 kila mwezi, na faida ikiachwa ndani, baada ya mwaka mmoja zinakuwa karibu 941. Baada ya miaka mitano zinapita 91,000. Ingekuwa kweli, kila familia ya mtaa wenu ingekuwa na majumba. Na mtu mwenye siri ya namna hiyo angekuwa na haja gani na dola 300 za baba yako?

Ile faida mliyoiona miezi miwili ilikuwa namba juu ya kioo cha telefone. Faida ni ile uliyotoa, ukaishika mkononi, ukanunua nayo chumvi.

3. Kukopa ili kucheza

Mithali 22:7 inatufundisha kwamba anayekopa anageuka mtumwa wa aliyemkopesha. Kuna kukopa kwa ajili ya ugonjwa ao msiba, na Mungu anajua. Lakini kukopa ili kuweka katika kitu ambacho bei yake haina miguu ni kujifunga kamba mbili: ile ya kripto na ile ya mkopeshaji.

Tuseme banki lambert wenu anaomba 30 kwa 100 kila mwezi. Dola 300 zinakuwa 390 mwezi wa kwanza, 507 mwezi wa pili, karibu 659 mwezi wa tatu. Kripto ilikufa, lakini deni linaendelea kukua usiku na mchana.

Kuna pia kampuni zinazokopesha kwa kripto. Unaweka bitcoin zako kama rehani, wanakupa dola. Bei ikishuka kupita kipimo, wanauza rehani yako, na hawabishi hodi mlangoni. Kampuni nyingine zilifanya kinyume: wewe ndiwe ulikuwa unawakopesha, lakini hukujua. Celsius ya Marekani iliahidi faida kubwa kwa watu walioweka kripto kwake. Tarehe 12 Juni 2022 ilifunga mlango, hakuna kutoa. Mwezi wa Januari 2023 mwamuzi alisema kwamba kripto za akaunti zile za faida zilikuwa mali ya kampuni, sawasawa na maandishi ambayo watu walikubali bila kuyasoma. Walidhani wameweka akiba, kumbe wametoa mkopo. Mwenye kampuni, Alex Mashinsky, alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwezi wa Mei 2025.

Basi kumbuka: kripto ni ya yule anayeshika ufunguo. Ufunguo huo mara nyingi ni maneno 12 ao 24 ya siri. Mtu mwingine akiyashika, mali ni yake. Usiyape mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni, hata akiwa pasta.

4. Kulipisha deni bila kuua undugu

Sasa tufike kwenye swali lenyewe: tumulipishe dada ao tuache? Ninagawanya mara tatu.

Kwanza, kama feza zilipita mkononi mwake ao katika telefone yake, na hazikufika kule alikosema, ni deni. Anapaswa kulipa zote.

Pili, kama feza zilifika, lakini yeye alipewa zawadi kwa sababu ya kuwaingiza, zawadi hiyo ilitoka katika jasho la baba. Airudishe. Zakayo, katika Luka 19, hakungoja apelekwe mbele ya waamuzi. Alirudisha mara nne. Sisi tuombe angalau mara moja.

Tatu, kama hakupata kitu, naye alidanganywa kama ninyi, basi ni mwenzenu wa msiba. Alikosa kwa kusema jambo asilolijua, na inafaa aombe musamaha. Lakini deni la banki lambert ni la baba. Baba ndiye aliyekopa, na hawezi kulitupa juu ya kichwa cha binti yule.

Namna ya kujua ukweli? Fuateni Matayo 18: muende kwake kwanza ninyi wenyewe, kimya. Akikataa kusema, rudini na mashahidi wawili. Kisha ndipo wazee wa kanisa. Msianze kwa kumuimba vibaya sokoni wala kumufukuza katika korali kabla ya kumusikiliza.

Na wewe ndugu unayekopesha watu, kama ukurasa huu umekufikia, soma Kumbukumbu la Torati 24. Sheria ya Mungu ilimukataza mwenye kudai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kutwaa rehani. Alipaswa kusimama inje, aletewe. Ilimukataza tena kutwaa jiwe la kusagia, kwa sababu ndilo linalolisha watoto. Leo jiwe la kusagia ni mashine ya kushona ya mama, ni kinga cha fundi, ni sufuria ya maandazi. Kudai ni haki yako. Kumpigia mama wa watu makelele mbele ya watoto wake si haki yako.

Baba aende kwake pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Aseme: «Deni ninalikubali, sikimbii.» Kisha aombe faida isimame, alipe mtaji kidogokidogo, na mapatano yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe saini, kila malipo na risiti yake. Katika Nehemia 5 wakubwa wa Yerusalemu waliambiwa waache kuwatoza ndugu zao faida, wakakubali. Jambo hilo linawezekana.

5. Mwivi wa pili

Yule anayeomba dola 50 ili awarudishie feza, msimtumie hata senti. Kripto ikiisha kutumwa, hakuna wa kuirudisha nyuma isipokuwa yule aliyeipokea. Wevi wanauziana majina ya waliokwisha kuibiwa, kwa sababu wanajua mtu mwenye kidonda anatafuta dawa haraka. Anayedai malipo ya kwanza ili arudishe kilichopotea ni ndugu wa yule aliyekipoteza.

Wekeni ujumbe wote wa telefone na namba zote mlizotumia feza. Msifute. Pelekeni kwa polisi, na kama mlituma kwa telefone, mjulishe pia kampuni ya telefone. Labda feza hazitarudi. Lakini jirani anaweza kupona.

Kijana wangu, dola 300 ni nyingi, sitaki kukudanganya. Lakini mama yako akiacha kulia, na dada wa korali akiweza kukaa tena kwenye benchi moja nanyi, nyumba yenu haijaanguka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:

1. Nyumbani mwetu, ni nani anapaswa kuulizwa kabla mtu hajakopa?
2. Katika likelemba tunajua feza iko kwa nani mwezi huu. Katika ile biashara tunayoitiwa, tunajua?
3. Kuna mtu tunayemudai? Tunamudai tukisimama inje, ao tumekwisha kuingia ndani?

Mungu wa amani akae nanyi. Tuonane mwezi ujao.

Pasta wenu