Wagema wa Usiku wa Manane



Neno "mgema" huku kwetu pwani lina harufu ya tembo, na kwa sababu hiyo halipewi nafasi kubwa katika kurasa za familia. Juma hili tunaliazima kwa kazi nyingine, ya halali tupu: kugema mpira. Wagema tunaowazungumzia ni Waislamu, aghalabu mume na mkewe, wakaao kusini kabisa mwa nchi ya Thailand, katika mikoa mitatu ya Pattani, Yala na Narathiwat, karibu na mpaka wa Malaysia.

Thailand ni nchi ya Wabudha, na inapotajwa huku kwetu watu hufikiria mahekalu, mchele na watalii. Lakini katika mikoa hiyo mitatu walio wengi ni Waislamu wa asili ya Kimalei. Nyumbani huzungumza Kimalei, madhehebu yao ni ya Imamu Shafi kama yetu, na vitabu vyao vya dini vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko uitwao Jawi, kama vile wazee wetu walivyoandika tenzi na barua zao za Kiswahili. Zamani Patani ilikuwa dola yenye sultani wake. Kuanzia mwaka 1584 ilitawaliwa na malkia wanne kwa kufuatana, nao walijulikana kwa majina ya rangi: Malkia wa Kijani, wa Buluu, wa Zambarau na wa Manjano. (Wanaodhani kwamba mwanamke wa Kiislamu hakupata kushika dola kabla ya zama hizi, na wakae na bibi zao wa Pate na Lamu wawaulize.) Mwaka 1909 Uingereza na Siam, ambalo ndilo jina la zamani la Thailand, zilipatana juu ya mipaka, na nchi hiyo ikabaki upande wa Siam.

Mti wenyewe si wa huko. Asili yake ni misitu ya Brazili, na kwa mapokezi ya Wathai ulipandwa kwao mara ya kwanza mwaka 1899, katika mji wa Kantang mkoani Trang. Leo Thailand ndiyo inayotoa mpira mwingi wa asili kuliko nchi yoyote duniani, na sehemu kubwa ya mpira huo hutoka katika vishamba vya familia. Wathai hupima ardhi kwa rai, na rai kumi hazifiki ekari nne zetu. Kila rai huchukua miti kama sabini. Basi familia yenye rai kumi ina miti mia saba ya kuizungukia, na huizungukia kwa miguu, usiku.

Kwa nini usiku? Utomvu wa mpira hupita katika mishipa myembamba ndani ya gome, na husukumwa kwa nguvu zaidi wakati mti umepoa na kushiba maji. Jua likishapanda, mti hulegea na mtiririko hukatika mapema. Kwa hiyo mama huamka saa saba au saa nane za usiku. Huvaa suruali ndefu ndani ya sarong, mikono mirefu, ushungi wake, na juu ya ushungi taa ya kichwani. Kiunoni hufunga kikopo cha bati chenye dawa ya mbu ifukayo moshi. Watoto huachwa na bibi yao, na mlango hufungwa.

Kisu cha kugemea kimepinda ncha kama kucha. Mgema hukwangua ukanda mwembamba wa gome, usiozidi unene wa sarafu, kwa mshazari unaoteremka kuzunguka nusu ya shina. Akikwangua kidogo mno, utomvu hautoki. Akizamisha kisu hadi kwenye ubao, mti hupata jeraha, gome huota vinundu, na mahali hapo hapagemeki tena vizuri. Hii ni kazi ya mkono mwepesi. Utomvu mweupe kama tui hufuata mfereji, hupita kwenye kijibati na kudondoka katika kikombe. Siku hizi vikombe vingi ni vya plastiki au vya udongo, lakini kwa miaka mingi kikombe kilikuwa kifuu cha nazi, na mpaka leo hakijatoweka.

Mti mmoja hauchukui hata dakika moja, kisha ni mti mwingine. Kufikia alfajiri miti yote imekwishakatwa, na hapo ndipo hupatikana nafasi, kwa kuwa utomvu huhitaji saa kadhaa kudondoka. Ndani ya nafasi hiyo husaliwa Sala ya Alfajiri, hunywewa chai, na watoto huamshwa kwenda shule. Kisha mume na mke hurudi shambani na ndoo, kikombe baada ya kikombe, kabla jua halijakaza.

Mbu tuliowataja si jambo dogo. Mwaka 2008 homa ya chikungunya ilizuka katika mashamba ya mpira ya Narathiwat na kuenea mikoa ya jirani, ikawakunja wagema hata wakashindwa kushika kisu. Wasomaji wetu wa Lamu na Mombasa wanaijua homa hiyo, kwa maana mwaka 2004 ilipita majumbani mwao. Wataalamu waliofuatilia nasaba ya virusi walikuta kwamba mlipuko ule wa pwani yetu ndio uliovuka kwenda Komoro na visiwa vya jirani, kisha Bara Hindi, na mwishowe kusini mwa Thailand. Ndio ujirani wa bahari. Haubebi jahazi na viungo peke yake.

Utomvu ukishafika nyumbani huchujwa, huchanganywa na maji na asidi kidogo, na kumiminwa katika trei za bati. Baada ya muda huganda kama mtindi. Wanawake huukanda kwa mikono au kwa miguu, kisha huupitisha baina ya vyuma viwili vya mviringo vinavyozungushwa kwa mkono, ukatoka umekuwa mkeka mweupe wenye mistari. Mikeka hiyo huanikwa kwenye kamba uani kama nguo zilizofuliwa. Harufu yake haizoeleki kwa mgeni. Familia nyingi sasa zimeuacha usumbufu huo, huuza utomvu mbichi kwa ndoo, au huuacha ugande kikombeni na kuuza mabonge. Mnunuzi huupima utomvu kujua una mpira kiasi gani, kwa maana takriban thuluthi mbili za ndoo ni maji, na mizani yake huzua maneno kila asubuhi.

Asubuhi hiyo hiyo kuna mezani. Chakula cha wagema warudipo ni wali uliopikwa kwa tui, uitwao nasi dagang, kwa mchuzi wa samaki. Mwenyeji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Wapo pia wanaokula nasi kerabu, wali uliotiwa rangi ya buluu kwa maua, ukachanganywa na majani mabichi yaliyokatwa katwa, nazi iliyokaangwa na budu, yaani mchuzi wa dagaa waliochachushwa kwa chumvi. Nazi yao hukunwa juu ya kigoda chenye ulimi wa chuma, sawasawa na chetu. Sisi tunakiita mbuzi. Wathai hukiita sungura. Tumecheka tulipolijua hilo, na tunakiri kwamba sungura ana haki, kwa yale meno yake. Kandokando ya nyumba mna mishokishoki na miduriani, matunda ambayo sisi tumeyazoea kutoka Unguja na Pemba. Wanaume nao, wakishapumzika, hukaa kwenye vibanda vya chai wakisikiliza tetere wao walioning'inizwa vizimbani juu ya milingoti mirefu. Tetere hushindanishwa kwa uzuri wa sauti, na hodari wao huweza kupita bei ya pikipiki. Wake zao wana maoni yao juu ya jambo hili.

Kazi hii haifanywi kila usiku. Gome likilowa mvua halikatwi, na upande huo wa pwani mvua za Novemba hadi Januari huja na mafuriko. Kuanzia Februari miti hupukutisha majani na kupumzishwa mpaka ichipue tena. Katika miezi iliyobaki mti hugemwa siku mbili au tatu na kupumzishwa siku moja. Asiye na shamba hugema la mwenziwe, na hugawana na mwenye miti nusu kwa nusu, au sitini kwa arobaini.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 bei ya kilo moja ya mpira ilipanda ikapita baht 150. Ulikuwa wakati wa kujenga nyumba za matofali, kununua magari ya mkopo, kuwapeleka watoto vyuo vikuu na kujiandikisha Hija. Kisha bei ikateremka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2013 wakulima wa mkoa wa Nakhon Si Thammarat walifunga barabara na reli kudai bei bora, na kufikia mwanzo wa 2016 kilo ilikuwa chini ya baht 40. Mikopo haikuteremka. Ndipo wake kwa waume wakavuka mpaka kwenda Malaysia, wengi wao katika migahawa inayouza supu ya tom yam, ambako jikoni na mezani huwakuta watu wa Patani. Watoto waliachwa na bibi zao, safari hii si kwa saa chache za usiku. Tunaliona hili ndilo gumu kuliko yote, na familia zetu zilizopeleka mabinti zao kufanya kazi Ghuba hazitahitaji maelezo mengi.

Tena kuna hofu. Tangu Januari 2004 mikoa hiyo imo katika vita visivyotangazwa baina ya makundi yanayotaka kujitenga na majeshi ya serikali, na zaidi ya watu 7,000 wamekufa, Waislamu na Wabudha. Tarehe 25 Oktoba 2004, mwezi wa Ramadhani, waandamanaji wa Tak Bai walirundikwa malorini wakiwa wamefungwa mikono. 78 walikufa kwa kukosa pumzi, na pamoja na waliouawa papo hapo jumla ilikuwa 85. Muda wa kisheria wa kesi hiyo ulikwisha Oktoba 2024 bila mtuhumiwa yeyote kusimamishwa kizimbani. Kwa mgema, vita hivyo vina maana moja iliyo wazi: taa ya kichwani gizani huonekana kutoka mbali. Wagema wamepigwa risasi miongoni mwa miti yao. Wengi waliacha kutoka saa nane, wakawa wanangoja kupambazuke, na ndoo zikarudi nusu. Na mjane aliyekuwa akigema na mumewe, mmoja safu za juu na mmoja safu za chini, hubakiwa na safu zote peke yake.

Mwenye shamba akifariki, mirathi haigawanywi kwa sheria ya Bangkok. Sheria ya mwaka 1946 iliruhusu katika mikoa ya Pattani, Yala, Narathiwat na Satun mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu yahukumiwe kwa sharia, na mahakamani hukaa mwanachuoni aitwaye Dato Yuthitham, ambaye kazi yake inakaribiana na ya Kadhi wetu. Binti hupata fungu lake na mjane thumuni yake. Shida ni kwamba miti mia saba ikigawanywa kwa warithi sita, fungu la mmoja halimlishi mtu. Kwa hiyo ndugu wengi huliacha shamba moja, mmoja wao akaligema na kuwagawia wengine. Mara nyingi huwa ni yule aliyebaki nyumbani na mama.

Naye hukutana na swali la miti kuzeeka. Mpira hugemwa tangu una miaka kama saba hadi ishirini na mitano au thelathini, kisha hukatwa na mbao zake kuuzwa kwa watengenezaji wa samani. Mamlaka ya Mpira hutoa ruzuku ya kupanda upya, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa baht 16,000 kwa rai, hulipwa kidogo kidogo. Lakini miaka saba ni mingi kwa mama wa miaka hamsini mwenye kaka wawili Malaysia. Katika miaka ya mwanzo, kabla vivuli havijafungana, aweza kupanda mananasi na migomba katikati ya safu akapata cha kuuza. Au aweza kuuacha mpira kabisa, kama walivyofanya wengi wa Yala, akapanda duriani za kuuzwa China. Nazo hulipa vizuri, lakini hutaka maji wakati wa kiangazi na hutaka miaka mitano au zaidi kabla ya tunda la kwanza. Wengine wameamua kukata nusu ya miti na kuiacha nusu, wakaendelea kuamka saa nane kwa ile nusu iliyobaki.