Mzee wa Darasa la Kwanza

Wako wenzetu wanaolipita mbali darasa la watu wazima. Wanaogopa kuchekwa. Wasomeeni habari hii.

Mzee Kimani Maruge wa Kenya hakupata shule utotoni. Mwaka 2003 karo ilifutwa katika shule za msingi za nchi hiyo. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret. Alivaa kaptura na soksi ndefu, akaketi na watoto wa rika la wajukuu zake. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Aone haya ya nini?

Alifariki mwaka 2009. Mwaka mmoja kabla, ghasia za baada ya uchaguzi zilimtoa nyumbani. Alilala kambini, ndani ya hema. Asubuhi alikwenda shule.